Maji ya Bamvua Yakiangukia Dominika



Leo naomba tukae na neno moja tu kutoka Injili ya Mathayo, sura ya 6, aya ya 33. Neno lenyewe ni "kwanza". Aya hiyo wengi wetu tunaijua kwa kichwa. Tumeiandika kwenye fulana za kongamano la VIWAWA, tumeiweka kwenye status, tumewaambia wenzetu walipofiwa na walipofeli mtihani. Bwana anatutaka tuutangulize ufalme wa Mungu na haki yake, na hayo mengine tutaongezewa. Kuijua siyo shida. Shida ni kwamba "kwanza" ni neno jepesi ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa, na ni zito sana ukiwa umeshika kasia.

Nafundisha Mbuchi, wilaya ya Kibiti, huku deltani. Kwa asiyepajua: Mto Rufiji kabla haujaingia baharini unagawanyika mikono mingi, na katikati ya mikono hiyo kuna msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000. Watu wanaishi kwa mpunga, samaki na kamba. Wakatoliki tu wachache. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu, na sisi tuliopo ni walimu, wahudumu wa afya, wafanyabiashara wadogo na vijana waliofuata kamba kutoka bara. Jumuiya yetu ikifikisha watu kumi siku ya sala, tunaangaliana kwa furaha kama watu wenye sikukuu. Kufuata Misa maana yake ni kutoka deltani mpaka huko barabara kubwa iliko, na nauli ya kwenda na kurudi si ya kuchezea.

Sasa kijana mmoja wa jumuiya aliniuliza swali, nami namshukuru kwa sababu aliliuliza bila kulipamba. "Mwalimu," alisema, "maji ya bamvua yakiangukia Dominika nifanyeje?" Akanieleza. Wenzake chomboni wanatoka alfajiri na maji yanayopwa, wanarudi alasiri na maji yanayojaa. Siku za bamvua ndizo siku za kamba, na ni chache. Akibaki nchi kavu kwa ajili ya sala, nafasi yake chomboni inachukuliwa na mwingine, na kesho huyo mwingine hatashuka. Nyumbani kuna mama anayesubiri fedha ya dawa na mdogo wake anayesubiri sare ya shule. "Nikimtanguliza Mungu, hawa nawaambia nini?"

Si swali la uvivu hilo. Kuna watu wanatafuta sababu ya kutosali, lakini huyu hakuwa mmoja wao. Kwa hiyo tusimjibu haraka.

Turudi kwanza kwenye sura yenyewe. Aya ya 33 haikudondoka peke yake. Kabla yake, kwenye aya ya 26, Bwana Yesu anawaambia wanafunzi wawaangalie ndege wa angani: hawapandi, hawavuni, hawana ghala, na Baba wa mbinguni anawalisha. Ukisoma maneno hayo mjini yanapendeza. Huku Mbuchi yanachekesha kidogo, maana ndege wa angani ndio adui namba moja wa mpunga. Mpunga ukiwa kwenye maziwa, kabla punje haijakauka, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na shamba la miezi linaweza kuisha. Ndiyo maana watu wa Rufiji wanajenga madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo shambani, na wanahamia humo wiki kadhaa kulinda. Ndege mchana, nguruwe pori usiku.

Nina jirani, bibi mmoja Mwislamu, ambaye kila msimu yuko dunguni. Siku moja nilimpitia, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba, mwanangu," huku macho hayatoki shambani na mkono uko kwenye ugwe uliofungwa makopo. Tulizungumza dakika nyingi na hakunitazama hata mara moja. Nikamwambia kwa utani kwamba kitabu chetu kinasema Mungu anawalisha ndege. Akajibu papo hapo: "Anawalisha kwa mpunga wangu!" Akavuta ugwe, makopo yakalia, ndege wakaruka.

Jibu hilo limenifundisha kuhusu Mathayo 6 kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Yesu alikulia Nazareti, kijiji cha wakulima. Alijua mbegu inayoanguka njiani huliwa na ndege, alilisema mwenyewe kwenye mfano wa mpanzi, sura ya 13 ya Injili hiyohiyo. Hakuwa mgeni wa shamba anayetuletea mashairi kuhusu ndege. Kwa hiyo aliposema tuwatazame, hakumaanisha tukae bure. Mtazame ndege vizuri: anaamka kabla yako, anahangaika kutwa nzima, analisha makinda. Anafanya kazi kweli. Asichofanya ni kulala macho akihesabu ghala. Bwana anakemea ule wasiwasi unaokula moyo usiku mtu akiwa kitandani. Kazi ya mikono hajaigusa kwa neno baya hata moja.

Halafu mtazame bibi. Yeye anaijua maana ya "kwanza" kuliko mimi na wewe. Wiki zile za kulinda kuna harusi, kuna ngoma, kuna msiba wa mbali, kuna mgeni kutoka Dar es Salaam. Vyote ni vizuri. Lakini kila kimoja kinapimwa kwa swali moja: nani atabaki shambani? Akipatikana wa kubaki, anakwenda. Asipopatikana, haendi, na hamna anayemlaumu. Hajaichukia harusi. Shamba ndilo linalopanga mengine. Nadhani hapo ndipo tunapokosea tunapoongelea kumtanguliza Mungu. Tunaandika orodha: Mungu namba moja, familia namba mbili, masomo namba tatu, kazi namba nne. Kisha tunampa namba moja dakika zake tano asubuhi, tunaweka alama ya vema, tunaendelea na orodha kana kwamba keshamalizwa. Dungu halina mpango wa namna hiyo. Kinachotangulia kinakaa ndani ya maamuzi yako yote ya siku, hata yale ya harusi na wageni.

Nisimame kidogo kwenye "mtaongezewa", maana hapa kuna watu wanauza. Mnawasikia redioni na kwenye simu: toa kwanza, Mungu atakuzidishia mara mia, nyumba, gari, mchumba. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mpunga ulizama, nyumba zilizama, na wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kikapiga pwani hii hii. Kati ya waliopoteza mashamba kuna watu wanaosali kuliko mimi na huyo mhubiri wa redioni. Utawaambia hawakutanguliza? Soma tena uone kilichoahidiwa: chakula, kinywaji na mavazi, yale ambayo Baba anajua mnayahitaji. Na sehemu kubwa ya yale yanayoongezwa yanapita kwenye mikono ya watu. Mafuriko yale, wenye mitumbwi waliwabeba wasio na mitumbwi, na aliyekuwa na kiroba cha unga hakukila peke yake. Sijui namna nyingine ya kuielewa ahadi ile bila kumtukana maskini.

Sasa tuje kwenye muda, maana vijana wengi mnaniandikia kuhusu hilo. "Ratiba yangu haieleweki." Wa bodaboda anasema hivyo, nesi wa zamu ya usiku anasema hivyo, wa chuo anasema hivyo. Huku kwetu ratiba haieleweki kweli, maana tunapangiwa na maji. Kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Leo chombo kinatoka saa kumi na moja alfajiri, kesho kutwa karibu na saa moja, na wiki ijayo mambo yamegeuka kabisa. Mtu akiapa kwamba atasali kila siku saa kumi na mbili kamili, kufikia Alhamisi kiapo kimeshakufa.

Lakini wavuvi hawa hawa wanaosema hawana ratiba, nimewaona hawakosi maji hata siku moja. Hakuna anayesema "nilisahau maji." Kwa nini? Kwa sababu hawakuyafunga kwenye saa, wameyafunga kwenye mwezi, kwenye upepo, kwenye mdomo wa mto. Basi na sala ifunge kwenye kitu ambacho lazima utakifanya. Kabla ya kusukuma chombo, ishara ya msalaba na sala ya asubuhi, hata kama ni saa tisa usiku. Nyavu zikishatupwa na mnangoja, kuna muda mrefu wa kukaa kimya, na vidole kumi vinatosha kuhesabia Rozari kama huna shanga. Ukirudi, kabla hujauliza bei ya kamba, "Asante Bwana." Mwanafunzi ana kengele ya shule. Nesi ana makabidhiano ya zamu. Bodaboda ana kuwasha pikipiki. Kanisa limefanya hivyo zamani: Malaika wa Bwana inasaliwa mara tatu kwa siku, na kengele ilipigwa ili mtu wa shambani aisikie akiwa na jembe mkononi, asali palepale alipo.

Na niseme jambo ambalo wengine halitawapendeza. Majirani zetu Waislamu wanatuzidi katika hili. Adhana ikilia hapa kijijini, mtu anaacha alichoshika. Muuza duka anamwambia mteja asubiri. Wenye vyombo wanakadiria safari yao wakijua watasalia wapi. Hakuna anayewaonea haya, hakuna anayejificha. Sisi, kijana Mkatoliki akiwa mezani na wenzake anafanya ishara ya msalaba kama mtu anayefukuza nzi. Wala sisemi tuwe kama wao kwa mashindano. Nasema wametuonyesha kwamba mtu mwenye njaa, mwenye madeni, mwenye watoto saba, anaweza kusimamisha kazi kwa ajili ya Mungu mara tano kwa siku na kijiji kikaendelea kuishi.

Mfano mwingine uko kwetu wenyewe. Juu kwenye mto huu huu kuna bwawa la umeme lenye jina la Julius Nyerere. Huyo Mwalimu, ambaye leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri umeanzishwa, alijulikana kwa kuhudhuria Misa kila siku. Alikuwa Rais, nchi nzima iko shingoni mwake. Mambo yake ya siasa mnaweza kuyajadili mpaka asubuhi, na mna haki. Ila yule mtu asingeweza kudai kwamba alikuwa na nafasi kuliko wewe.

Haya. Dominika.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 34, aya ya 21, kinaamuru pumziko la siku ya saba, kisha kinaongeza maneno ambayo kila mkulima anapaswa kuyasikia: hata katika majira ya kulima na ya kuvuna. Yaani Mungu aliona mapema kisingizio chetu. Ni rahisi kupumzika mwezi ambao hakuna kazi. Aliitaka siku yake katikati ya msimu, pale inapouma.

Na kuna Waafrika waliolipa kwa damu. Mwaka 304 Kaisari Diokletiani alikuwa amewakataza Wakristo kukusanyika. Huko Abitina, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Wakristo 49 walikamatwa Dominika wakiadhimisha Ekaristi ndani ya nyumba. Wakapelekwa Karthago kuhukumiwa. Mmoja wao, Emerito, alipoulizwa kwa nini walivunja amri ya Kaisari, alijibu kwa kifupi kwamba bila hiyo Dominika hawawezi. Hakusema ni amri ya Kanisa, wala kwamba padre atakasirika. Alisema hawawezi kuishi. Papa Benedikto XVI aliwakumbusha watu habari hiyo huko Bari, Italia, mwaka 2005, na mimi kila nikiisoma najiuliza ni Dominika ngapi ambazo kijana wa leo anaweza kuzikosa kabla hajasikia kwamba kuna kitu kimepungua mwilini mwake.

Lakini Kanisa hilohilo ni mama. Katekisimu inakubali kwamba zipo sababu nzito zinazomwondolea mtu wajibu wa Misa ya Dominika: ugonjwa, kulea mtoto mchanga, na nyinginezo nzito. Paroko anayo mamlaka ya kumpa mtu ruhusa kwa sababu ya haki. Na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inazungumza na watu kama sisi wa Mbuchi moja kwa moja: ambapo hakuna padre, au kuna kikwazo kikubwa, waamini washiriki Ibada ya Neno, au watumie muda wa kutosha katika sala, mtu peke yake, au familia, au familia kadhaa pamoja. Haikusema "basi laleni."

Kwa hiyo nilimjibu yule kijana hivi. Kama dawa ya mama inategemea siku zile za bamvua, huna dhambi kwenda. Zungumza na padre akija, umweleze kama ulivyonieleza mimi, usijihukumu mwenyewe wala usijisamehe mwenyewe. Bwana alisema Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Mwanaume anayelisha mama yake mgonjwa hajamkimbia Mungu.

Halafu nikamwuliza swali langu. Bamvua na maji mafu hupokezana. Dominika moja ikiwa ya bamvua, inayofuata kwa kawaida ni ya maji mafu au karibu na hapo. Siku za maji mafu vyombo vingi vimelala, nyavu zinashonwa, hakuna nafasi ya mtu kuchukuliwa na mwingine. "Dominika za maji mafu huwa uko wapi?"

Akanyamaza. Kisha akacheka. Alikuwa banda umiza, akitazama Ligi ya Uingereza.

Sikumcheka kwa ubaya, ni kijana mzuri. Ila hapo ndipo swali lote lilipokaa. Tunapenda kumpima Mungu na vitu vikubwa: Mungu au kazi, Mungu au dawa ya mama. Tunajiona kama tumebanwa na uamuzi mzito. Wakati ukweli ni kwamba mara nyingi Mungu anashindwa na vitu vidogo mno: mpira, usingizi, simu. Siku ngumu ni chache. Siku za maji mafu ndizo nyingi, na ndizo zinazosema nani anatangulia kwako. Kijana anayesali kwa uaminifu Dominika ya maji mafu, hata akiwa baharini Dominika ya bamvua moyo wake unajua ni siku gani. Atasali chomboni na itamuuma kutokuwepo. Asiyesali ya maji mafu, hata bahari ikikauka hatakuja.

Nisidanganye kwamba siku ngumu hazipo. Zipo, na huwa haziji na taarifa. Mwaka jana, tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, alitangazwa mwenye heri kijana wa Goma, msemaji wa Kiswahili kama sisi, Floribert Bwana Chui. Alisomea sheria, alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, na aliwasaidia watoto wa mitaani wapate shule. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Aliletewa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite kiende kuliwa na watu. Alikataa. Wakamwongezea, wakamtishia, akakataa. Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa, akateswa, akauawa tarehe 8. Alikuwa na miaka 26.

Angalieni mahali "kwanza" ilipomkuta. Ilimkuta kazini, kwenye karatasi ya kusaini, mbele ya magunia. Na ndiyo maana Bwana hakusema tu "ufalme", aliongeza "na haki yake". Wapo vijana wetu wanaosoma haya ambao kazi yao ni kupima kilo za kamba dikoni, kuandika stakabadhi, kukagua vibali vya mikoko, kugawa dawa. Mizani ikishuka chini kidogo hakuna atakayejua isipokuwa mama aliyekuletea kamba, naye hana wa kumwambia. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na mizani ya udanganyifu na kusema ni chukizo kwa Bwana. Ukisali Rozari tatu kwa siku na mizani yako ina gramu za wizi, Rozari hiyo unamsomea nani? Na ukiwa na mizani ya kweli lakini husali, siku ile watakapokuongezea bei utasimama kwa nguvu ya nani? Bwana Chui hakuupata ujasiri ule siku ya kutekwa. Alikuwa na jumuiya yake, alikuwa na sala, alikuwa na wale watoto wa mitaani ambao aliwajua kwa majina, na bila shaka aliwaza ni nani wangekula chakula kile.

Nimemalizia hapo na yule kijana, nanyi namalizia hapo. Simon Petro naye alikuwa mvuvi. Luka sura ya 5 inasema Yesu alimkuta akiosha nyavu baada ya usiku mzima wa kukosa. Mtu wa namna hiyo anataka jambo moja tu, kulala. Yesu akaomba chombo chake akae humo afundishe. Petro alikuwa na kila sababu ya kusema "Bwana, njoo kesho." Akatoa chombo. Samaki walikuja baadaye, na yeye hakujua kama watakuja.

Sasa tangazo kwa mlioko huku. Dominika hii ni ya bamvua. Ibada ya Neno haitakuwa saa tatu asubuhi kama ilivyozoeleka, maana nusu yetu watakuwa majini. Tumekubaliana tuanze saa kumi na moja jioni, vyombo vikishaingia na maji yakiwa juu. Walioko nchi kavu asubuhi wasali nyumbani na watoto, na wasome Injili ya siku kwa sauti. Komunyo ya kiroho tutaifanya pamoja jioni. Mwenye kitabu cha masomo cha ziada aje nacho, kilichopo kimelowa kurasa za katikati. Kutoka dikoni hakuna mwendo mrefu, kwa hiyo usipitie kwanza nyumbani kuoga, utachelewa somo la kwanza. Njoo hivyo hivyo na chumvi yako miguuni.